Niliwafuata marafiki zangu likizo kimyakimya, nikiwa ndani ya panzi

Wakuu, heshima kwenu. Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Kampala, na wahusika wakikisoma watanitafuta. Wacha wanitafute, geti langu wanalijua.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, mzee alikuwa koplo, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana changu kimenyooka kuliko cha wengi mjini humu. Msibishe.

Nilipomaliza diploma yangu ya umeme kule Kyambogo, nikatangaza naenda Ghuba kutafuta maisha. Watu wakacheka. Jirani akasema sitavuka uwanja wa ndege wa Entebbe. Shangazi akasema nitarudi kabla sabuni niliyobeba haijaisha. Kuna aliyesema mtu anayeogopa lifti hawezi kupanda ndege.

Nilipanda. Nikakaa miaka. Nikarudi, nikajenga Kisugu, nyumba ina tiles mpaka stoo. Wale wasemaji siku hizi wakipita wanaangalia chini.

Waliosimama na mimi kabla sijaondoka ni watatu tu.

Okello, tumekua naye kambini, sasa na yeye ni polisi. Aliniazima sanduku la bati la baba yake, lenye namba ya kazi ya mzee imepakwa rangi nyeupe kifuniko kizima. Kato, fundi wa friji, Muganda, aliniazima viatu vyake vyeusi vya ngozi vya kuendea interview. Na Akoth, Mkenya wa Kisumu anayeuza matunda soko la Nakasero, aliniazima sweta aliyofumiwa na mama yake, maana alisikia ndani ya ndege kuna baridi.

Niliporudi niliwaletea kila mmoja perfume na saa ya kung'aa. Nikajua tumemalizana.

Sasa kazi yenyewe ya Ghuba. Nilikuwa kwenye park kubwa ya michezo, zile zenye treni za kukupindua kichwa chini miguu juu. Umeme sikuugusa. Niliwekwa kitengo cha wahusika. Yule ndege mkubwa wa manyoya mwenye kichwa cha sponji, anayepiga picha na watoto, ndani yake nilikuwa mimi.

Chekeni mmalize.

Jua la kule, ndani ya manyoya, wanaume walikuwa wanazimia. Mimi nilifika mpaka kufundisha wapya. Kanuni ya kwanza: ukiwa ndani, husemi. Kanuni ya pili: kichwa hakivuliwi mbele ya mtoto, hata moto ukiwaka.

Kanuni hizi nimewaeleza marafiki zangu mara nyingi, pamoja na ufundi mwingine wa kazi. Mkumbuke hilo.

Basi. Wiki moja napita kibandani kwa Akoth, binti yake Tasha, yuko darasa la kwanza, akaninong'oneza, "Anko, Jumamosi tunaenda kulala park ya bembea kubwa. Na Anko Okello na Anko Kato. Mama amesema nisikuambie."

Mwingine angenuna. Mimi nikaelewa haraka: wanaogopa kunisumbua. Wanajua mimi mtu wa ratiba.

Nikaamua nitawafanyia surprise.

Park yenyewe ni mpya, iko nje kidogo, upande wa barabara ya Entebbe, ina vyumba vya kulala na mabwawa. Meneja wake alishaniita mara mbili kumpa ushauri kuhusu mhusika wao. Ni panzi. Yaani nsenene mwenyewe, wa kijani, wale Kampala tunaowakaanga na vitunguu msimu wao ukifika. Anayevaa panzi alikuwa ameomba ruhusa wikendi hiyo. Nikamwambia meneja aniachie, nitamwonyesha kazi inavyofanywa.

Mpango wangu ulikuwa safi. Waje, tupange picha, nivue kichwa, wapige kelele, tucheke, nichukue uongozi wa likizo.

Jumamosi wakaja, na mabegi yao. Kato akanisimamia mbele, akaweka mkono kifuani. Yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na watu wa ukoo huo hawali panzi, wanamheshimu.

"Ssebo, bwana wangu, wewe ni wa kwetu," akaniambia. "Hapa na mimi hakuna mtu atakugusa."

Okello akauliza kama kuna chumvi karibu.

Nikajiandaa kuvua. Tasha akanirukia mguuni, akanikumbatia goti, na hakuachia.

Wakuu, kanuni ya pili ni yangu mwenyewe, nimefukuzisha watu kazi kwa ajili yake. Nikasema nitasubiri mtoto aende kuogelea.

Hakwenda. Kila niendako, yuko mguuni.

Wakati nasubiri nikaona foleni ya gurudumu kubwa, ile bembea ya kuzunguka hewani, imepinda. Foleni iliyopinda inaniuma tumbo. Nikainyoosha kwa ishara, mmoja mmoja, nikishika watu mabega. Tulipopiga picha, nikawapanga kwa urefu, Okello nikamgeuza kidevu apate mwanga, Kato nikamchomekea shati.

Nikaona Kato anamwangalia Akoth. Akoth akamwangalia Okello. Nikajua wameduwazwa na viwango.

Mchana wakanunua chipsi kuku, wakakaa chini ya mwavuli, wakanivutia na mimi kiti. Tasha akapanda mapajani mwangu. Hapo ndipo Okello alipofungua mdomo.

"Mimi leo nasikia raha," akasema. "Hakuna mtu ya kunifundisha kukula chipsi."

"Wewe ngoja," Kato akamjibu, kisha akaiga sauti yangu. "Kule Ghuba, mabwana, chipsi hatukuli hivyo."

Wakacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Aliiga vibaya. Sauti yangu ni nzito kuliko ile.

Nilitaka kukohoa tu, wajue nipo. Mtoto mapajani. Kanuni.

Kato akasema yeye viatu alisamehe zamani. Kinachomchoma ni kwamba siku ya harusi yake alivaa viatu vya kuazima, vimembana, na kwenye picha zote amekunja uso kama anayesomewa hukumu, na vyake vilikuwa Ghuba vinatembea. Na niliporudi nikamwonyesha picha zangu, wala sikuuliza za kwake.

Okello akasema kila akienda Gulu kumsalimia baba yake, mzee anaanza na sanduku kabla ya salamu. "Namwambia iko kwa fundi. Sasa mzee anauliza ni fundi gani hiyo, miaka yote anatengeneza sanduku moja tu. Mimi nilikopesha, sikupeana."

Sanduku la bati lenye kutu, wakuu. Mimi ninalo, natunzia drili.

Akoth ndiye aliyeongea polepole. Alisema yeye hana ubaya na mimi, ila ukinianzishia jambo lako, nalimaliza kwa jambo langu. "Mama alipofariki, huyo rafiki yetu alikuja matangani. Akakaa karibu yangu. Nikasema afadhali, nimepata mtu. Akanieleza Waarabu wanavyozika, kutoka mwanzo hadi mwisho." Akasogeza sahani pembeni. "Mimi nilitaka mtu akae tu. Na ile sweta, sasa ndiyo mkono wa mama umebaki hapo. Sijui hata anaiweka wapi."

Najua ninapoiweka. Ndani ya lile sanduku. Nimeitumia kufungia drili isikwaruzwe.

"Si ungemwambia," Kato akasema.

"Atakusikia wapi, na mdomo ile?" Okello akasema, huku anachovya chipsi yake. "Labda umpate mahali hawezi kuongea."

Wote watatu wakanigeukia. Hakuna aliyecheka.

Tasha akaniangalia kutoka chini. "Mama, mbona Panzi ameinamisha kichwa?"

"Amechoka, mama," Akoth akamwambia. "Ametoka mbali."

Kisha akafungua chupa ya maji, akaunganisha mirija miwili ikawa mmoja mrefu, akaupitisha shingoni, pale kichwa kinapokutana na mwili, mpaka ukanifikia mdomoni.

Ufundi huo wa mrija, wakuu, Kampala nzima umetoka kwa mtu mmoja. Nimewasimulia mimi, tena zaidi ya mara moja.

Nikanywa maji yote. Nilikuwa na kiu kweli.

Baadaye usingizi ukampitia Tasha, mama yake akamnyanyua wakaenda vyumbani. Njia ya kuvua kichwa ikawa wazi. Kato na Okello wakakaa wakinisubiri. Nilikuwa na majibu, tena mazuri, yenye mifano. Nikainuka, nikawapungia mkono wa panzi, nikaenda nyuma ya pazia, nikavua, nikachukua boda mpaka Kisugu.

Jioni ile nilimwaga drili sakafuni. Sweta nikaifua kwa mkono, ilikuwa inanuka mafuta ya mashine. Viatu vya Kato nilivikuta stoo, soli zimekufa, nikavipeleka kwa fundi viatu pale mtaani, nikakaa mpaka akaweka mpya.

Asubuhi nikarudi park. Safari hii nilipita getini, na tiketi yangu, na sanduku la bati kichwani, viatu na sweta ndani yake, kama mtu yeyote.

Tasha akaniona wa kwanza. "Anko, umechelewa! Panzi alikuwa hapa jana!"

"Alisema nini?"

"Hasemi. Anasikiliza tu. Ni rafiki yangu."

Mnajua ni kiasi gani nilitaka kusema ni mimi? Nikasema, "Ana bahati."

Okello alipokea sanduku, akapitisha kidole gumba juu ya namba ya mzee, tarakimu moja moja, mpaka mwisho. "Iko," akasema. Ni hilo tu. Kato akavaa viatu palepale, na kaptula ya kuogelea, akatembea navyo kando ya bwawa akijiangalia.

Akoth akaikunjua sweta, akaipeleka puani.

"Umeifua."

"Nimeifua."

"Ungeiacha tu."

Nilikuwa na maelezo. Mafuta ya mashine, aina ya sabuni, jinsi kule Ghuba sufu inavyofuliwa. Yalifika kooni. Nikayameza, nikavuta kiti, nikakaa karibu yake. Tukakaa. Baada ya muda akaivaa, jua lote lile, akafunga vifungo mpaka juu.

"Umekula?" akaniuliza.

Kisha tukaenda kupanda gurudumu kubwa. Foleni ilikuwa imepinda vibaya, inazunguka mpaka kwa muuza barafu. Nikasimama mwisho, nikaiacha ipinde.

Nilichojifunza, wakuu: perfume hailipi sweta. Na ukitaka kwenda likizo ya watu kwa surprise, uliza kwanza kwa nini hawakukuita, tena uulize ukiwa umekaa mahali huwezi kujibu.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuazima kitu cha mtu akajisahau, aseme, na aliyeazimwa naye aseme. Mimi leo nasoma tu, sijibu mtu.

Isipokuwa atakayesema sauti yangu ni nyembamba.