Alasiri Tuliyoshinda Fort Worth

Nimeshabikia timu moja tu maishani mwangu, na ilikuwa timu mbovu. Ilicheza hoki ya barafu mjini Fort Worth, Texas, mahali ambapo jua la Agosti hukuunguza ukitoka tu kwenye gari kuingia dukani. Sisemi ile timu kubwa ya Dallas iliyokuwa kwenye runinga. Yetu ilikuwa ya daraja la chini, wachezaji wake wengi wakiwa vijana kutoka Kanada ambao ligi kubwa haikuwataka, pamoja na wazee wawili watatu wenye magoti yaliyokwisha. Walifungwa Ijumaa, wakafungwa Jumamosi, na Jumapili alasiri wakatoka tena kufungwa mbele ya watoto.

Kilichonikutanisha nao ni ufagio. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusoma, masomo yakanishinda katikati, na karatasi zangu za kukaa zikaharibika pamoja nayo. Nilipata kibarua cha kufagia chini ya viti mechi ikiisha. Tuliambiwa tungoje nje ya milango mpaka watu watoke, lakini mimi nilijipenyeza ndani kipindi cha tatu, nikasimama na ufagio wangu nikitazama watu wazima wakigombania kisahani cheusi cha mpira kwa magongo. Mwezi wa kwanza sikuelewa kitu. Mwezi wa pili nilianza kuumia wakifungwa.

Niliyempenda zaidi ni kipa. Alikuwa akifungwa anainua barakoa yake, anakunywa maji, anatazama ubao wa matokeo sawa na sisi wengine, kisha anainama tena. Ubao ulisema sita kwa moja, na ilikuwa sita kwa moja. Nilipopata kazi nyingine ya kuhudumia wazee katika makao yao, niliacha ufagio lakini sikuacha timu. Nilikaa juu kabisa kwenye viti vya bei ya chini, peke yangu. Wakenya wenzangu wa Arlington walinicheka. Walisema kushindwa tunako kwingi nyumbani, kwa nini nikufuate hadi kwenye barafu? Niliwajibu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, wakazidi kucheka.

Lakini nikueleze kwa nini ubao ule ulinivuta. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka, na kila Jumapili nilinunua kadi ya simu nikapiga Nakuru. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akipokea. Mama anaendelea vizuri, alisema. Mama anakusalimu. Nikiomba kuzungumza naye, mama alikuwa amelala, au alikuwa ametoka kuota jua, au alikuwa amekunywa dawa inayomlegeza. Miezi mitano mama yangu alilala kila mara nilipopiga simu, na kila mara alikuwa anaendelea vizuri.

Nilimwambia dada wazi: siku mtakapoona mama anaelekea kuondoka, mniambie, nitakuja. Nilijua nikitoka Texas na karatasi zile sitarudi tena, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo nikaimaliza. Nilichohitaji ni mtu mmoja tu wa kunieleza ukweli ili nimwone mama kabla hajafa. Na kwa kuwa sikumwamini dada, nilimwambia pia mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye, ambaye kwao na kwetu Nakuru ni mtaa mmoja. Ukisikia lolote kutoka nyumbani, nilimwambia, usinifiche. Alinipa mkono akasema sawa.

Jumapili moja ya Februari tulikwenda kanisani Arlington kama kawaida. Mchungaji alinishika mkono akauachia baada ya muda mrefu kuliko sala ya mwisho yenyewe. Akina mama ambao kwa kawaida walinitania kuhusu kuoa walinisalimia wakitazama viatu vyangu. Mzee mmoja wa kanisa, yule aliyekuwa akinikaripia kwa kukosa ushirika wa alasiri sababu ya hoki, alinigonga bega akaniambia Mungu ni mwema. Nami, mjinga mimi, nikadhani wamenisamehe.

Tukiwa kwenye maegesho, mwenzangu alisema, "Leo twende kwa hiyo barafu yako, bana. Nita-drive mimi."

Nilimtazama mara mbili. Huyu alikuwa mtu wa kandanda na nyama, aliyeapa kwamba hatakanyaga friji ile hata akilipwa. Nikasema tupitie nyumbani kwanza nipige simu kwa mama, maana ilikuwa Jumapili. Alisema simu ya nyumba haina mlio tangu asubuhi, kampuni inatengeneza nyaya. Basi tukaenda. Nilikuwa na jezi yangu ya timu kwenye buti ya gari, nikaivaa juu ya shati la kanisani.

Sijawahi kufurahia alasiri kama ile tangu nifike Amerika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alininunulia soseji na mahindi ya kukaanga. Aliniuliza maswali: kwa nini yule amekalishwa kwenye kibanda cha adhabu, kwa nini hawa wanapigana na refa anatazama tu? Nilimfundisha kila kitu nilichojua, nikizungumza bila kupumua, kama mtoto anayemwonyesha mgeni vitabu vyake vya shule. Kila baada ya muda alitoka akaenda kwenye simu ya ukutani kule koridoni. Nilimtania kwamba amepata msichana. Akatabasamu nusu.

Timu yetu ilikuwa imefungwa mechi nyingi mfululizo, na hata siku ile tulikuwa nyuma kwa mabao mawili. Nilisema tuondoke tuwahi kabla ya magari kujaa. Akanishika mkono wa jezi akanirudisha kitini.

"Hatuendi popote," alisema. "Tunakaa mpaka iishe."

Ikasawazishwa. Ikaingia muda wa ziada. Kisha mmoja wa wale wazee wa magoti mabovu akakipata kile kisahani, akamzunguka mlinzi polepole, akakipiga kikapita chini ya mkono wa kipa wao. Ukumbi mzima, ambao haukuwa umejaa hata nusu, ulisimama. Nilimkumbatia mwenzangu nikamwinua juu. Nilipomweka chini nikaona machozi yanamtiririka usoni. Nilimcheka. Nilimwambia umeona sasa, umeona barafu ilivyokuingia. Alijifuta kwa kiganja akasema ndiyo, nimeona.

Njia nzima kurudi Arlington nilimsimulia tena bao lile. Tulipokata kona kuingia kwenye fleti zetu niliona magari: gari la mchungaji, basi dogo la mzee wa kanisa, magari ya watu wa Grand Prairie ambao huwaoni ila kwenye harusi na matanga. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Ndani, sofa yangu ilikuwa imesukumwa hadi ukutani ili viti vya plastiki vya kanisa vipate nafasi, na jikoni wanawake walikuwa wameshapakua pilau. Watu hawasukumi sofa yako ukutani bila kukuuliza ila kwa jambo moja.

Wewe unayesoma ukiwa Mkenya unajua utaratibu. Habari ya msiba haitolewi kwa simu. Mtu akifiwa ughaibuni, yeye huwa wa mwisho kujua. Kwanza wanaambiwa wazee wa jamii, kisha kanisa, kisha marafiki. Anachaguliwa mmoja wa kukushughulisha, wewe mfiwa, mpaka nyumba yako ijae watu, ndipo uletwe uambiwe. Na hata hapo huambiwi. Walinikalisha. Walinipa chai, wakanisubiri niimalize. Waliimba wimbo, wakaomba sala ndefu, nami nimekaa katikati na jezi ya timu yenye doa la haradali, nikisubiri watu waniambie mama yangu amepatwa na nini.

Hatimaye mchungaji alisema mama yetu amepumzika. Jana, alisema. Jana asubuhi.

Nilikokotoa. Nililala nikaamka, nikapiga pasi shati, nikaenda kanisani, nikaimba, nikala soseji, nikashangilia bao, na watu wote wa Arlington wakijua. Nilimtafuta mwenzangu kwa macho nikamwona amesimama karibu na simu ya nyumba. Waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani, umelala chini.

"Ulijua?" nilimuuliza mbele ya wote.

"Nilitumwa," alisema.

Baadaye nilipata kujua mengine. Dada alikiri kwamba mama alikuwa amelazwa wiki sita, na kwamba mama mwenyewe aliuliza mara mbili kama nimepiga simu. Hawakuniambia kwa sababu walijua nitapanda ndege, na nikipanda ndege nitapoteza Amerika. Waliamua kwa niaba yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga, lakini familia yangu haikuumbuka hata kidogo, wote waliona wamefanya vyema. Mazishi niliyaona kwenye kanda ya video iliyofika baada ya mwezi. Jina langu lilisomwa miongoni mwa watoto, wakaongeza kwamba niko masomoni. Nilikuwa sijakanyaga darasa miaka miwili.

Sikumpiga mwenzangu, ingawa nilitaka. Nilihama nyumba. Tuliendelea kusalimiana kanisani kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Timu niliendelea kuifuata miaka michache zaidi, kwa ukaidi tu, na ikarudia desturi yake ya kufungwa. Lakini ile mechi moja tuliyoshinda sikuweza kuikumbuka kwa raha. Mashabiki wenzangu wa viti vya juu, Wamarekani wazee wawili, walipenda sana kuisimulia. Walipoanza, nilikwenda chooni. Mwishowe timu ilivunjwa, na mimi, nikiwa nimepata karatasi kwa njia ya ndoa, nilihamia Alief kule Houston na mke wangu muuguzi.

Nilikuwa nimejiwekea ahadi moja tangu siku ile ya sofa: mimi sitamficha mtu. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu ukweli, na niliirudia nikiwa peke yangu kwenye gari, miaka na miaka.

Ndipo asubuhi moja simu yangu ikalia kutoka Nakuru. Baba yake mwenzangu alikuwa ameanguka bafuni akafa. Walinipigia mimi kwa kuwa namba yangu ndiyo waliyoipata kwa dada yangu. Nikampigia mzee wa kanisa wa Arlington, yule yule wa Mungu ni mwema. Alishusha pumzi, kisha akaanza kupanga. Mwenzangu sasa alikuwa Mesquite, akiendesha foklifti ya kuinua mizigo kwenye ghala, mkewe akifanya zamu kazini kwake, watoto wakiwa shule. Tupe mpaka jioni, aliniambia, tukusanye watu, tumtume mtu amngoje kazini. Usimwambie. Nilimuuliza kama nyumba kujaa watu kunamfufua maiti. Alisema, "Mwanangu, hivyo sivyo tunavyofanya." Nikakata simu.

Nilimpigia mwenzangu kazini. Msimamizi alikwenda kumwita, nikasikia mlio wa foklifti zikirudi nyuma, tii, tii, tii. Alipokuja, nilimwambia baba yake amefariki asubuhi, na kwamba namwambia moja kwa moja kwa sababu ni haki yake. Nilijisikia msafi, nakwambia. Akasema asante, akakata.

Niliingia barabarani. Houston hadi Mesquite ni saa nne na ushee, na kila maili niliona fahari. Nilipofika nyumba ilikuwa imejaa, viti vya plastiki vimepangwa, wimbo unaendelea. Mkewe alinivuta kando jikoni akanieleza. Mumewe alikuwa ametoka kazini mara tu baada ya simu, akaendesha peke yake mpaka nyumbani. Hakukuwa na mtu. Hakuweza kuingia katika nyumba tupu. Yeye mkewe aliporudi kutoka zamu saa tisa alimkuta ameketi kwenye gari, injini inaunguruma, mikono kwenye usukani, amejikojolea.

Nilikwenda kuketi karibu naye. Nilikuwa bado na hotuba yangu. Aliniangalia kwa utulivu, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Siku yako nilikukusanyia watu," alisema. "Nikalia uwanjani ili ukifika nyumbani nisilie kabla yako. Siku yangu wewe umenipigia simu."

Nilitaka kusema kuhusu wiki zile sita, kuhusu mama kuniulizia mara mbili, kuhusu ndege ambayo ningepanda. Yote hayo ni kweli hata leo, na siyarudishi nyuma. Lakini deni hilo halikuwa lake, lilikuwa la dada yangu, na miaka yote nilikuwa nimemdai yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Mwanamke mmoja akanipa trei ya chai nigawe, maana wanaume walioketi karibu na mfiwa ndio hutumwa. Nikazunguka chumba. Nilipomfikia alisema ameshakunywa. Nikaendelea na trei, na nyuma yangu nikamsikia akimwomba mzee wa kanisa kikombe cha chai.