Picha Yangu na Viroba vya Watu

Kwanza niandike kosa langu, mtu asije akasema nimelificha. Vile viroba vilivyo kwenye picha sikuvishona vyote. Nilivyoshona mimi vilikuwa vinne. Vingine vilikuwa vya wachimbaji, vizima, vinasubiri kujazwa. Mwezeshaji, kijana wa mpango wa ruzuku, aliniambia nivilundike nyuma yangu ili picha ijae, nami nikavilundika.

Kazi yangu ni kuziba viroba. Wachimbaji wa machimbo ya hapa jirani wanabebea mawe ya dhahabu humo, na mawe yana ncha, kiroba hakimalizi wiki bila kutoboka. Wananiletea kibandani, karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Nakaa chini na shazia, sindano ya magunia, na uzi wa nailoni. Ni kazi ya kukaa, inanifaa, maana mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mtoto. Natembea na chuma kilichofungwa mikanda kuanzia pajani mpaka kwenye kiatu. Nashona siku tatu kwa wiki. Siku ya nne nyonga inawaka moto, nimejaribu, siwezi. Na mvua zikija mashimo yanajaa maji, karasha linanyamaza, kiroba hakuna. Miezi hiyo mimi na binti yangu tunakula ruzuku ya kaya maskini. Hatuna kingine.

Sasa hiyo ruzuku, kila tulipokwenda kuipokea tulifundishwa: msikae kusubiri, anzisheni kitu. Fugeni kuku, uzeni mboga. Nikamwambia mwezeshaji kwamba mimi nashona viroba. Alifurahi kweli, simsingizii, alikuwa kijana mwenye roho nzuri. Akaja na simu yake kunipiga picha. Nikaazima kitenge kipya cha dada yangu.

"Cheka kidogo, mama."

Nikacheka. Mguu ukabaki chini ya kitenge. Sijui nani aliufunika. Nadhani ni mimi.

Picha ikachapwa kubwa, ikabandikwa ukutani ofisi ya kata, chini yake maneno: mnufaika wa mfano. Nakiri nilipita pale mara mbili makusudi, kujiangalia tu.

Mwaka huu ukaitishwa mkutano wa kijiji kupitia upya orodha. Desturi ni hiyo: jina linasomwa, unasimama watu wakuone, halafu wanasema kama unastahili. Miaka ile naingizwa nilisimama, watu wakasema "huyo kweli," ikaisha. Safari hii nimesimama, hata fimbo sijaiweka sawa, jirani yangu akapaza sauti.

"Huyu? Huyu ana kiwanda!"

Watu wakacheka.

"Msicheke, picha iko kata, nendeni mkaone. Viroba mpaka juu, kitenge kipya, meno yote nje!"

"Mayu, mama yangu, kitenge ni cha dada yangu," nikamwambia.

"Na viroba?"

"Vya wachimbaji."

"Na meno? Nayo uliazima?"

Hapo kidogo nami nicheke. Na niseme haki: huyo mama mumewe kaharibika kifua kwa vumbi la mawe, kisimani hafiki bila kukaa njiani, na kaya yao haijawahi kuandikwa. Ningekuwa yeye, sijui kama ningenyamaza.

Mwenyekiti akasema, "Swali ni moja tu. Unafanya kazi au hufanyi?"

"Nafanya. Siku tatu."

Akaandika. Nikaeleza habari ya nyonga, nikaeleza habari ya mvua. Kalamu haikutembea tena. Mwezeshaji mwingine, mgeni kwetu, akasimama na kusema nimehitimu, watu wanipongeze. Wakapiga makofi. Mimi niliishia darasa la tano, na hiyo ndiyo sherehe ya kwanza kufanyiwa.

Hasira yangu iko hapa, na nimeipima siku nyingi nione kama ni ya haki. Waliniambia nifanye kazi. Nikafanya, kwa kiasi ambacho mwili unaruhusu. Wakanipiga picha kwa sababu nafanya kazi, halafu picha hiyohiyo ikanitoa. Ningekaa kizingitini kwangu mkono nimeunyoosha, jina langu lingekuwepo mpaka leo. Basi wangetuambia tangu mwanzo wanataka tukae! Siku tatu za kushona hazijanyoosha mguu huu hata kidogo. Na hakuna aliyeniuliza hizo siku nyingine nne nafanya nini. Nalala chali, ndicho ninachofanya.

Mtendaji wa kijiji, ambaye sina ubaya naye, alinipa karatasi akaniambia nikate rufaa, niambatanishe na picha. Siku ya mnada nikaenda kwa mpiga picha, yule anayetundika pazia la maua.

"Rufaa ya ulemavu?" akasema. "Hizo nazijua. Vua hicho chuma, vaa nguo kuukuu, kaa hapo vumbini. Nimewapiga wengi, wamerudishwa."

Nisijifanye mtakatifu. Nilikaa, nikafungua mkanda wa kwanza. Nikafungua na wa pili. Ndipo nikaona kwamba ni vilevile viroba vya watu, nimevigeuza upande wa pili tu.

"Mama, fanya haraka, kuna watu."

Nikafunga mikanda. Nikavuta gauni mpaka juu ya goti, chuma chote kikaonekana. Nikatoa shazia mfukoni, na kiroba kimoja nilichokuwa nimebebea mchicha, nikakiweka mapajani.

"Sasa hapa unaomba msaada au unatangaza biashara?"

"Piga tu, kaka."

"Basi cheka."

"Sicheki."

Kwenye barua niliandika kwamba nafanya kazi siku tatu, siku ya nne siwezi, wakati wa mvua kazi hakuna. Mwisho nikaandika kwamba kwenye picha ya kata nilishona viroba vinne tu, vingine niliazima, naomba radhi. Mtendaji akasoma, akaniambia nitoe sentensi hiyo, itaniharibia. Nilifikiri sana. Nikaiacha ibaki. Akagonga muhuri.

Majibu hayajaja. Juzi mvua zimeanza, karasha limenyamaza, kibandani hakuna hata kiroba kimoja. Leo asubuhi nimejikokota mpaka kata kuomba waibandue ile picha mpaka rufaa ijibiwe. Wameniambia haiwezekani. Kuna wageni wanakuja kutoka wilayani kuiona.