Aliyeniuliza Nani Alipika

Nina stesheneri Mpanda mjini. Natoa kopi na kuchapa barua za watu, kwa hiyo siri za nusu ya mji hupita mikononi mwangu. Yangu niliificha miaka sita: nakula kwa pupa hadi tumbo linauma, kisha natoka kimya kimya kwenda kujitapisha. Siku nyingine sili kabisa. Naandika haya kwa aibu, na sijui namna nyingine ya kuyaandika.

Ningependa kusema nilitafuta msaada kwa kuijali afya yangu. Si kweli. Nilitafuta kwa sababu ya wifi yangu, mke wa kaka, anayeishi na mama kule Mwese milimani.

Miaka miwili iliyopita nilipanda bodaboda kwenda kuwasalimia. Wifi alipika ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Nilikula hadi wakanisifia. Baadaye nikaenda nyuma ya migomba, na jirani aliyekuwa anachuma kisamvu akanikuta nimeinama natapika. Akaita watu. Mama alifika mbio, akanishika mgongo, akasema, "Mwanangu amelishwa kitu."

Nililetewa maziwa ya kuua sumu, nikanywa kikombe kizima. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko bado uko mkononi. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemwokoa, na sikuisema.

Tangu siku hiyo, kila nikienda, mama alimtaka aonje kwanza. Wifi alikuwa anapiga magoti, anamega tonge, anachovya kwenye kila bakuli, anameza mbele yetu, na watoto wake wanamwangalia. Akishamaliza, mimi nanawa mikono na kula.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mama mchungaji. Tulikaa kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Alinisikiliza vizuri, hilo sitamnyima, kisha akasema nina roho ya ulafi, akanipangia siku tatu za kufunga. Kumwambia mtu kama mimi afunge ni kumpa mlevi funguo za kilabu. Nilifurahi mno. Nilifunga siku tano, na wanakwaya wakanipongeza kwa kukua kiroho. Habari ya wifi sikuigusa.

Wa pili alikuwa mshauri nasaha wa zahanati moja ya binafsi. Kabla sijamaliza kujieleza alishanituma kupima mimba, halafu virusi. Majibu yakatoka safi. "Sasa dada, unalia nini?" akaniuliza. "Huna kitu. Kula ushibe, unenepe, utaolewa." Nikacheka naye, mjinga mimi, na nikamshukuru.

Nilikaa miezi mingi bila kumwendea mtu yeyote. Mwishowe nikaenda kliniki ya afya ya akili. Benchi la kusubiria liko karibu na njia, na mji wetu ni mdogo. Ukionekana pale asubuhi, jioni umeshakuwa kichaa. Nilijifunika mtandio hadi kwenye nyusi. Mteja wangu mmoja akapita, akanisalimia kwa sauti, "Dada wa kopi, leo hufungui?" Nikasema nimemsindikiza mgonjwa.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi wa makamo, mwanaume, na hilo peke yake lilinipa hamu ya kuondoka. Hakunihubiria. Alipima presha, akaagiza damu ipimwe, maana kutapika mara kwa mara kunaharibu chumvi za mwili na moyo unaweza kuyumba. Halafu akaniambia wazi, "Wenye shida kama yako nimewaona wachache. Kuna daktari nilisoma naye, nitampigia tusaidiane. Ila njoo kila wiki, usiache." Nilimwamini kwa sababu alikubali kwamba hajui yote.

Wiki ya nne nilimsimulia mambo ya Mwese kama kichekesho: nimetapika mwenyewe, kijiji kizima kinatafuta sumu. Hakucheka.

"Nani alipika?" akauliza.

"Wifi yangu."

"Na yeye yuko vipi sasa hivi?"

Nilishalia mbele ya watu watatu kwa kujihurumia, na hakuna hata mmoja niliyemtajia mwanamke anayeonja chakula changu kwa magoti. Nilimweleza yote. Nilitaka anifukuze.

"Ugonjwa si kosa lako, na tutaendelea nao taratibu," akasema. "Huo ukimya ni jambo lingine. Mimi sikulazimishi."

Ilinichukua wiki tano zaidi. Nilifika Mwese mchana, mama na wifi wakiwa jikoni wanachambua maharage. Nilisema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningetafuta habari nyingine ya kuzungumza. Nikasema hakuna aliyenilisha kitu. Nikasema ni mimi, kwa mikono yangu, tangu zamani, na sasa natibiwa. Mama aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa kanga.

Wifi hakushtuka. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua, wifi," akasema. "Kila ukija nafukia matapishi yako kule nyuma kabla mama hajapita. Ningesema mimi, nani angeniamini? Wangesema nimekulisha sumu, na sasa nakusingizia."

Nilipiga magoti. Nikamwomba msamaha, na machozi yalinitoka kwelikweli. Hakuniambia yameisha. Alisimama, akakung'uta maganda kwenye kitenge chake.

"Mimi na mama tumesikia," akasema. "Watu kisimani hawajasikia. Miaka miwili watoto wangu hawaruhusiwi kupeleka hata kande kwa jirani. Twende ukawaambie na wao."

Nikafuta uso, tukatoka, tukaanza na nyumba ya karibu.