Mwandiko mzuri umenifunga Sanyuanli

Jamani, kama mwandiko wako ni mbaya, uache hivyo hivyo.

Mnakumbuka robota langu la vitenge lilivyopotelea Dar kwa sababu jina nililoliandika halikusomeka? Tangu hapo kila jioni nafanya mazoezi ya mwandiko. Mtu mzima mimi, na herufi kubwa na ndogo.

Leo nimefika ofisi ya kago kutuma mzigo nyumbani, hapa Sanyuanli, huku kwa Wachina. Kabla sijagusa robota langu, Mama Nasra, mfanyabiashara mwenzangu, akaniomba nimwandikie jina kwenye lake. Nikaandika.

Laoban, yaani bosi wa kago, akalitazama, akatabasamu, akanikabidhi maka peni yake na kuwaita wateja wengine.

Basi.

Nimezungushiwa marobota mpaka mlango siuoni.

"Dada, na langu, dakika moja tu."

Hebu niambieni, mngemkatalia vipi mtu ambaye wiki ijayo anarudi nyumbani, na mtamwomba awapelekee mama zenu dawa?

Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi.

Kontena limefungwa sasa hivi. Limeondoka na majina mazuri, hata mimi nimeyapenda.

Limebaki robota moja, hili nililolikalia. Ni langu, na halina jina.