Ahsante Iliyomponza Bi Sikuzani

Wanawake wa Kizanzibari wa Birmingham wakifiwa, humpigia Bi Sikuzani kabla ya kumpigia mtu mwingine. Ameosha maiti kuanzia Northfield hadi kwetu Shard End, na hajapokea hata nauli ya basi. Mimi jirani yake humtania kwamba mji mzima unampenda na hakuna anayetaka kumwita. Hunijibu, "Wewe n'takuosha kwa maji baridi."

Mdogo wake, Raisa, aliolewa Marekani, jimbo la Ohio. Mwaka jana saratani ilipomzidi, alipiga simu akaomba jambo moja tu. "Dada, usiniachie watu baki. Unioshe wewe."

Bi Sikuzani akakubali palepale. Ana pasi ya Uingereza, na wenye pasi hiyo huomba ruhusa ya Marekani kwenye simu, wakajibiwa upesi, wakapanda ndege. Ila kuna swali moja: umefika Kuba miaka hii ya karibuni?

Amefika. Zamani kule Pemba, alipomzaa mwanawe Suhail, damu ilikataa kusimama, na aliyemwokoa alikuwa daktari wa kike kutoka Kuba. Kwetu aliyekuokoa roho hashukuriwi kwa simu. Unamwendea kwake, unampa mkono, na huendi mikono mitupu. Suhail alipopata kazi nzuri alimkatia mama yake tiketi, naye akaenda Havana na doti ya kanga na kikapu cha halua. Alimkuta daktari mzee, hatembei vizuri, wakakumbatiana wakalia.

Kumbe Marekani na Kuba wamekosana tangu Bi Sikuzani hajazaliwa. Waliogombana wenyewe wengi wameshazikwa, marais wamepishana, na taifa kubwa vile bado limekikamia kisiwa kimoja. Mimi hunipanda hasira nikilifikiria. Basi aliyekanyaga Kuba hapiti njia ya mkato. Huomba viza na kungoja kuitwa London kuhojiwa. Bi Sikuzani alipewa tarehe ya mbali, akaomba isogezwe, nayo ikasogezwa, lakini ugonjwa ulikuwa unakwenda mbio zaidi.

Suhail, aliyeletwa hapa mchanga, anakisikia Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia kuhusu lile swali la Kuba, "Just put no, Mum. Nobody checks."

"Nende kumwosha ndugu yangu kwa uwongo?" akasema mama yake. "Hilo josho gani, Suhail?"

Raisa alifariki kabla ya tarehe kufika. Wanawake wa kule wengi wao hawakuwahi kushika maiti, wakapiga simu kuomba waelekezwe. Bi Sikuzani alikuwa kwangu jikoni. Alikataa simu ya picha, maana maiti haonyeshwi, akawaelekeza kwa sauti tu. Maji yawe ya uvuguvugu. Stara isiondoke. Anzeni upande wa kulia. Tulikuwa tukiyasikia maji yakimiminika.

"Sasa mgeuzeni," alisema. "Taratibu, bega la kushoto linamuuma."

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Sawa, dada." Mimi niligeukia dirishani.

London alikwenda hata hivyo, kwa sababu aliitwa. Kijana aliyemhoji alikuwa na adabu. Alimuuliza alifuata nini Kuba, akamjibu alikwenda kusema ahsante. Viza akapewa, ya miaka mingi.

Juzi nilimuuliza kama atakwenda kuzuru kaburi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"N'takwenda," alisema. "Lakini kuna kitu wamenitia moyoni sikitoi. Yule daktari nilikuwa nikimwombea dua kila sala. Sasa nikifika kwenye jina lake, najuta kwamba nilimwendea. Mtu kanirejeshea roho yangu, na mimi namjutia."