Twita Niliyoipa Alama Thelathini na Nane

Kwa miaka thelathini na minne nilifundisha fizikia na kuongoza kwaya, na katika kazi zote mbili nilijulikana kwa jambo moja: sikusamehe kosa. Mwanakwaya aliyeshuka chini ya noti nilimtoa mstarini kwa kidole, bila neno. Nalitaja hili mapema ili msomaji atakapofika mwisho aone kwamba nilistahili yaliyonipata.

Nilipostaafu nilihamia Chapwa, pembezoni mwa mji wa Tunduma. Wastaafu wenzangu walinunua ng'ombe au walipanda kahawa. Mimi nilinunua spika mbovu za zamani na kugeuza sebule kuwa karakana. Sekela, mke wangu, alilivumilia jambo hilo kwa miaka mingi bila kutaka chochote, mpaka alipotaka kitu kimoja.

Mwaka 1986 kwaya yetu ilirekodiwa katika kaseti, naye Sekela ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Miaka kumi na moja baadaye alipasuliwa tezi ya shingo. Uhai wake ukabaki, lakini sauti ya kuimba haikurudi. Hadi leo huzungumza kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo. Kaseti ikakaa ndani ya kopo la biskuti. Mwaka huu Josephat, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakala wa forodha pale mpakani, aliunakili wimbo mmoja wa kaseti ile kwenye simu. Sekela alisikiliza dakika moja, akairudisha simu.

"Humu niko kama inzi ndani ya kopo," alisema. Kisha akanigeukia. "Baba Hezron, hayo makabati yako yataimba lini? Siku ya shukrani ya ndoa yetu nataka nijisikie mara moja, na wajukuu wanisikie nilivyokuwa."

Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa hakuwa ameniomba mambo mengi. Zilibaki siku ishirini na sita.

Makabati aliyoyasema ni spika mbili za miaka ya sabini, kila moja kubwa kama banda la kuku. Rabson, mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alizitoa katika nyumba ya mhandisi mmoja wa migodi ya shaba, nami nikambadilishia kwa magunia mawili ya maharage. "Mudala," aliniambia, kama Wazambia wanavyomwita mzee, "hizi ukizifufua, jirani atahama." Nilidhani ni sifa.

Sponji inayoshikilia koni za besi ilikuwa imeoza, ikimong'onyoka kama mkate wa juzi. Kwanza niliweka badala yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Besi ikatoka kama mtu mwenye mafua anayelalamika chini ya kitanda. Kisha nikajaribu kitambaa cha mwavuli, nacho kikafaa. Ndani ya makabati nikapigilia viunga vya mbao ili yasitikisike. Ikabaki haja ya kitu laini cha kunyonya mwangwi. Kitabu changu kilipendekeza sufu ya kondoo. Kondoo sina, lakini Sekela alikuwa na mto wa sufi. Alipokwenda sokoni nikatoa nusu ya sufi ile, nikaushona mto kwa mshono ambao niliamini hauonekani.

"Mto umekonda," alisema jioni.

"Ni wa zamani," nilijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Tatizo lilikuwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Nilipouweka wimbo, besi ilinguruma na sauti za wanaume zikasimama wima, lakini Sekela alikuwa mbali, kama anayeimba nyuma ya blanketi. Ninalo daftari la majaribio lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Nikaandika: "Twita: 38 kati ya 100. Haijitumi." Nikabadilisha kapasita, 41. Nikaziondoa resista ambazo kazi yake ni kuipunguzia twita nguvu, 47. Nikaongeza twita ya pili juu ya kila kabati. 52, yaani imefaulu kwa kuburutwa.

Siku hizo hizo niliyaona mambo ambayo niliyaandika daftarini bila kuyaunganisha. Mbwa wa jirani aliacha kulala uani kwetu. Sekela alianza kuchambua maharage nyuma ya nyumba kila nilipowasha mtambo. Naye Josephat alipokuja kusikiliza, hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unaonaje?"

"Inasikika, Mwalimu."

"Na sauti ya kwanza?"

"Hiyo ndiyo inasikika hasa, Mwalimu. Hata kule kwenye foleni ya malori mpakani." Akaaga upesi.

Nilimwuliza na Sekela. "Umejitahidi," alisema. Mume mwenye akili angekumbuka kwamba neno hilo ndilo alilokuwa akiwapa wanakwaya walioshika nafasi ya mwisho.

Siku mbili kabla ya shughuli, Restuta, mdogo wake Sekela, alifika kutoka Itumba kusaidia mapishi. Kwetu shemeji ana ruhusa ambayo mwanafunzi hana na mke hapendi kuitumia: ruhusa ya utani. Nilimketisha kwenye kiti ambacho mahali pake nilikuwa nimepapima kwa futi, nikawasha. Kabla ubeti haujaisha alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima.

"Shemeji, dada yangu alikukosea nini?"

"Sauti yake bado haitoshi. Twita ni dhaifu."

"Dhaifu? Inakwangua meno. Mashine ya kusaga kule Itumba ina adabu kuliko hii."

"Wote wamesema inasikika."

"Wangesemaje, wanafunzi uliowachapa?"

Nikauzima mtambo ili nimjibu kwa hoja. Alinitangulia.

"Sasa unasikia nini, shemeji?"

"Kimya."

"Nyenje wanalia kwenye mparachichi wako tangu nilipoteremka kwenye gari."

Nikatoka, nikasimama chini ya mparachichi kama mkaguzi wa shule. Sekela aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mama Hezron, nyenje wanalia?"

"Wanalia."

"Tangu lini?"

"Hawajawahi kuacha. Zamani uliwalalamikia kila alasiri. Uliponyamaza, nikafikiri umewasamehe."

Nikarudi ndani, nikalifungua daftari, nikakata alama zote kwa rula. Nikaandika: "Twita: haina kosa. Mpimaji: 38."

Nikazirudisha resista, nikazing'oa twita za nyongeza, nikafunga nyuma ya kila kabati kirungu cha kupandisha na kushusha sauti nyembamba. Lakini kirungu kinahitaji sikio, nami sikuwa nalo. Ndipo Sekela akaketi katika kiti cha katikati, nami nikachuchumaa nyuma ya kabati nikiuangalia mkono wake tu: kiganja chini, nishushe, kiganja juu, nipandishe. Ishara hizo nilimfundisha mimi. Alinishusha mara saba. Hatimaye mkono ukatulia juu ya goti, naye akakaa hivyo hadi wimbo ulipokwisha.

"Ndiye mimi," alisema. "Sufi yangu itarudi baada ya shughuli."

Siku ya shukrani wimbo ulipigwa mara moja, kama alivyotaka. Kwa masikio yangu alikuwa bado nyuma ya blanketi. Lakini niliwaona wajukuu wakiacha vipande vya nyama mikononi, wakitazama kabati, kisha bibi yao, kisha kabati. Josephat, safari hii, alikuwa ameketi ndani, karibu kabisa na spika. Midomo ya Sekela ilifuata maneno bila kutoa sauti.

Moyo ulinijaa, nikaanza kuimba besi, kwa nguvu, kama zamani. Nilijiona niko sawasawa kabisa na noti. Sekela hakugeuza kichwa. Alininyooshea kidole, bila neno.

Nikatoka mstarini.