Mwanya wa Bibi

Mwalimu alivunjika jino kwa kosa ambalo yeye mwenyewe aliwakanya wanafunzi wake kila siku ya Mungu: kufungua chupa ya gundi kwa meno. Darasa zima lilikuwa limemkodolea macho, vipande vya karatasi mkononi, likisubiri gundi. Ikasikika ka! na nusu ya jino la mbele ikarukia chini ya madawati. Watoto wale, ambao hata uwapigie magoti hawaokoti takataka, siku hiyo waliipapasa sakafu yote kwa viganja. Aliyelipata alilileta juu ya kifutio, kwa heshima zote.

"Mwalimu, si ulisema tusifanye hivyo?"

"Nilisema. Sasa mmeona kwa nini," akajibu, mkono mdomoni. Mwalimu ni mwalimu tu, hata msiba wake ataugeuza somo.

Lakini moyoni alikuwa hana raha hata kidogo, maana jino lile halikuwa jino la hivi hivi. Lilikuwa upande mmoja wa mwanya wake, na mwanya huo ulikuwa na wenyewe. Bibi yake mzaa mama, ambaye yeye alirithi jina lake, alikuwa na mwanya uliosifiwa na kila aliyewahi kumwona akicheka. Mama yake hakuupata. Ulimruka, ukatua kwa binti. Na kwa kuwa binti alikuwa na jina la bibi, mama yake hakuwahi hata siku moja kumwita mwanangu. Alimwita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, hizo nywele umezifanyaje?" Bibi alipofariki, kila mama alipomkumbuka alimshika binti yake kidevu na kumwambia, "Hebu cheka nikuone." Binti akacheka, mama akatosheka, akarudi kwenye shughuli zake.

Alipopata kazi ya kufundisha nchi ya mbali, mambo hayo yakahamia kwenye simu. Mama hakujua kuishika simu, na hakuwa na nia ya kujua. Kwenye kioo alionekana paji la uso na kipande kikubwa cha dari. Hilo halikumzuia kusema yake: "Hebu cheka nikuone." Na huko ugenini mwanya ulipata kazi ya pili. Kengele ya shule ilikuwa imekufa sauti, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akisimama kizingitini, anapiga mluzi mmoja kupitia mwanyani, na watoto waliokuwa mwisho kabisa wa uwanja wanakuja mbio. Walimbatiza Mwalimu Mluzi, naye alijifanya hapendi.

Basi akaenda kwa daktari wa meno. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la miwani, kikinukia mafuta ya karafuu, na ukutani palikuwa na picha ya mdomo mkubwa unaocheka bila mwenyewe. Daktari alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye ugonjwa mmoja tu: kumuuliza mgonjwa maswali wakati mdomo wake umejaa pamba. Je, wanafunzi wasumbufu? Je, baridi ya huku ameizoea? Mwalimu, ambaye alilelewa kwamba mtu mzima akisema haachwi hewani, aliitikia kila kitu. "Mmh." Ganzi ilikuwa imempanda hadi puani na mashine inalia kichwani, hasikilizi tena maneno, anasikia sauti tu, lakini adabu ni adabu. "Mmh." Katikati ya maswali hayo daktari akauliza, "Na hili pengo la hapa kati, nikuzibie moja kwa moja?"

"Mmh," akaitikia Mwalimu, na kichwa akatikisa.

Kofia ya kufunika jino lililovunjika ilipofika kutoka kwa fundi, daktari akaipachika na kumpa kioo kwa madaha. "Nimeibandika kwa muda, uizoee. Ukija wiki ijayo naigandisha, haitoki tena."

Mwalimu akatazama. Meno yalikuwa yamejipanga sawasawa, meupe, na katikati hapapiti hata uzi. Akapeleka ulimi, ukagonga ukuta. Wengine tungepiga kelele pale pale, lakini yeye ni wale watu wanaoletewa chai baridi wakasema walikuwa wanaipenda hivyo hivyo. "Asante, daktari. Imependeza," akasema, akashuka ngazi akiwa kama kanyang'anywa kitu.

Kesho yake alisimama kizingitini akavuta pumzi, akapiga mluzi. Fuuu! Ulitoka upepo na mate kidogo. Watoto waliokuwa karibu walicheka hadi wakashika mbavu, na waliokuwa mbali wakaendelea na mpira wao. Alilazimika kuwafuata mmoja mmoja kama mtu anayefukuza kuku. Hata yeye alicheka. Mpaka hapo bado ilikuwa mzaha.

Jioni mama akapiga simu.

"Hebu cheka nikuone."

Akacheka, kiganja mdomoni.

"Unaficha nini? Toa mkono."

Akautoa. Paji la uso likasogea, likasogea, hadi kwenye kioo likabaki jicho moja tu.

"Umependeza," mama akasema taratibu. "Umependeza sana, mwanangu."

Neno hilo kuna watoto wanaolililia maisha yao yote. Kwake yeye lilikuwa kama kufungiwa mlango. Mama aliaga mapema, akasema kichwa kinamgonga. Mwalimu alikaa na simu mapajani akalia machozi ya kweli, kwa sababu aliona wazi kwamba mama yake amefiwa na mama yake mara ya pili, na safari hii mwenye kosa ni kichwa chake mwenyewe kinachoitikia itikia.

Siku ya kugandisha ilipofika alipanda ngazi akiwa amepiga moyo konde.

"Daktari, naomba unirudishie mwanya wangu."

Daktari akapigwa na butwaa. "Watu wanakuja hapa wananibembeleza niwazibie! Na wewe nilikuuliza, ukaitikia."

"Daktari, mtu uliyemjazia mkono mdomoni, hata ukimuuliza kama yeye ni mbuzi ataitikia."

Daktari alicheka hadi akavua miwani kuifuta. Kisha akakuna kichwa. Kupunguza angeweza, lakini apunguze kiasi gani? Jino lenyewe la zamani alishalisaga, na kile kipande kilichovunjika hakitoshi kupimia.

"Yupo anayejua," Mwalimu akasema, akapiga simu.

Paji la uso likajitokeza. Mwalimu akaeleza upesi upesi, akaiegemeza simu kwenye trei ya vyombo, akafumbua mdomo. Daktari akaichomoa kofia, akaisaga kidogo ubavuni, akairudisha.

"Bado," mama akasema.

Daktari hakujua lugha yao, lakini sauti ile ilitosha. Akachomoa, akasaga, akarudisha.

"Bado. Mwambie asiogope, haibi."

Mwalimu hakuweza kumwambia kitu, alikuwa na vidole vya watu mdomoni. Daktari akasaga tena, jasho linamtoka, akimtupia jicho yule mama wa kwenye trei kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Akapachika. Akamgeuza Mwalimu aielekee simu.

Safari hii ile "bado" haikusikika. Picha ikayumba, likabaki dari peke yake, na nyuma ya dari mtu anavuta makamasi.

"Hapo hapo," sauti ikasema. "Asiguse tena."

Daktari akagandisha haraka kabla hajabadilishiwa maneno. Mwalimu akakaa wima, akajaribu mluzi. Ulitoka mkali, umenyooka, na chini kwenye duka la miwani kikasikika kitu kimeanguka.

"Mama!" simu ikaita.

"Abee!"

"Umeshakula, mama?"

"Bado, mama," Mwalimu akajibu, akacheka kwa mdomo wazi, hakuziba kwa mkono.